Je, Ni Vema Kuwapaka Watoto Nyuso za Wanyama?



Wakristo wengi wa hapa Gongoni wanalijua jambo tunalotaka kulisema, maana walikuwapo. Wengine wamelisikia likisimuliwa sokoni, nalo limekwisha kuongezewa chumvi. Kwa hiyo tumeona afadhali tuliandike sisi wenyewe kama lilivyokuwa, kisha tulitafakari pamoja. Kwa kuwa nyuma ya jambo dogo la rangi na watoto tumeliona swali kubwa ambalo hakuna hata mmoja wetu awezaye kulikwepa.

Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Siku hiyo huadhimishwa tangu mwaka 1991, kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976. Shule yetu ya Jumapili imezoea kufanya karamu ndogo wakati huo: wali, maharage, kipande cha nyama kwa aliyebahatika, na michezo. Safari hii vijana wetu wawili waliokuwa Dar es Salaam walirudi na vikopo vya rangi na brashi ndogo. Walitueleza kwamba huko mjini, katika sherehe za kuzaliwa na mahafali za chekechea, watoto hupakwa usoni wakafanana na simba, chui, paka au sungura, na kwamba kila mwaka klabu ya Simba ifanyapo sherehe yake ya mwezi wa Agosti, washabiki hujipaka nyekundu na nyeupe, wakubwa kwa wadogo. Basi meza ikawekwa chini ya mwembe, watoto wakajipanga mstari, na kelele za furaha zilisikika mpaka barabarani.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye sote twamheshimu, alipoona hayo hakufurahi. Aliwaita vijana pembeni, akasema nao kwa upole lakini bila kuficha. Alisema mambo matatu. La kwanza, kwamba mwanadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu, na uso ndipo mahali sura hiyo ionekanapo. Kwa nini basi tuufunike kwa sura ya mnyama? La pili, kwamba Maandiko hayasemi vema juu ya watu waliojipaka na kujichora: kitabu cha Walawi kinakataza chale na alama mwilini, na Yezebeli alijipaka macho siku ile ile ya kuangamia kwake. La tatu ndilo lililotunyamazisha. Mzee huyu alizaliwa Singida. Mama yake alimsimulia habari za miaka ya 1946 na 1947, ambapo katika nchi ile watu wengi, na watoto miongoni mwao, walikutwa wameuawa kama walioraruliwa na simba. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba mauaji mengi hayakuwa ya simba wa porini, bali ya watu waliojivika ngozi za simba. Baadhi yao walishtakiwa, wakahukumiwa na kunyongwa. "Wanangu," akasema mzee, "ninyi mkiona mtoto mwenye uso wa simba mnacheka. Mimi nilipokuwa mdogo, jina hilo lilitufanya tufunge mlango kabla ya jua kuchwa."

Vijana hawakuwa na jibu. Wakati walipokuwa bado wamesimama pale, jambo la pili likatokea.

Katika mstari alikuwapo binti wa miaka minane hivi, mtoto wetu wa Shule ya Jumapili, mwenye ualbino. Alikuwa amevaa kofia yake pana, akingojea zamu yake, na alikuwa amekwisha kusema kwamba ataka kuwa sungura. Mvulana aliyekuwa nyuma yake, uso wake umepakwa chui, akamwambia kwa sauti kubwa: "Wewe huna haja ya kupakwa. Wewe tayari si mtu." Watoto kadhaa wakacheka. Na tuseme kweli yote: mtu mzima mmoja au wawili nao walicheka kabla hawajajizuia.

Binti yule hakulia. Alitoka katika mstari, akaenda kukaa karibu na bibi yake, na hakupakwa kitu siku ile.

Mzee wetu alikuwa ameyasikia. Aliwageukia vijana wa rangi, naye hakuwa na hasira juu yao tena. Akauliza: "Rangi yenu itatoka jioni hii kwa sabuni. Neno hili litatoka kwa nini?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Lakini kwanza yatupasa kuzijibu hoja za mzee kwa heshima, maana si hoja za kupuuzwa.

Ni kweli kwamba mwanadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu. Lakini je, sura hiyo ni ngozi ya uso? Kama ingekuwa hivyo, aliyeungua moto angekuwa ameipoteza, na kipofu angekuwa na nusu yake. Hakuna Mkristo awezaye kusema hayo. Tena Maandiko hayo hayo hayaoni aibu kuutaja uso wa mnyama mahali patakatifu. Ezekieli aliona viumbe wenye uso wa mwanadamu, wa simba, wa ng'ombe na wa tai. Yohana naye aliona katika Ufunuo viumbe wanne waliofanana na hao wakikizunguka kiti cha enzi, na tangu zamani Kanisa limewachora kuwa alama za Wainjilisti wanne. Bwana wetu mwenyewe huitwa Simba wa Yuda, na katika sura hiyo hiyo huonekana kama Mwana-Kondoo. Kama simba na kondoo wafaa kumtaja Mwokozi, haiwezekani uso wa simba katika mchezo wa mtoto uwe najisi kwa sababu tu ni wa simba.

Wala si jambo geni kwetu. Wazee wetu Wanyamwezi na ndugu zetu Wasukuma walikuwa na vyama vya ngoma vilivyoishi karibu sana na wanyama: wayeye waliocheza na nyoka na kujua dawa za sumu yake, na wawindaji wa nungunungu walioigiza katika ngoma yao jinsi mnyama yule aingiavyo shimoni na jinsi mtu amfuatavyo humo. Aliyeigiza nungunungu jana alilima shamba lake leo, na jirani zake hawakumsahau jina.

Lakini katika kitabu cha Mwanzo iko habari nyingine, na hiyo yasimama upande wa mzee wetu. Yakobo alifungwa ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, akaingia kwa baba yake aliyekuwa hawezi kuona, akajiita Esau, akaichukua baraka isiyokuwa yake. Hapo ngozi ya mnyama haikuwa mchezo. Ilikuwa udanganyifu, na aliyedanganywa alikuwa mzee, kipofu, na baba yake mwenyewe. Wale wa Singida walifanya neno lililo baya kupita hilo, lakini ni la namna ile ile: walivaa mnyama ili wasijulikane walipomdhuru mwenzao, na ili damu ihesabiwe juu ya simba.

Basi twaona kwamba mambo mawili yaweza kufanana kwa macho na yasifanane kwa moyo. Mtoto aliyepakwa simba chini ya mwembe ataka ajulikane. Akimwona mama yake hukimbia na kusema, "Mama, nitambue, ni mimi!" Furaha yake yote iko katika kutambuliwa. Aliyevaa ngozi ili adhuru aomba asitambuliwe. Hapo ndipo mpaka ulipo kati ya mchezo na uovu.

Kuna jambo jingine la kwetu litusaidialo kuufahamu mpaka huo, nalo ni utani. Barabara ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Uzaramo na Ugogo, ikafika hapa Tabora, na kuendelea hadi Ujiji. Babu zetu waliipita wakiwa na mizigo kichwani na mabegani. Katika safari zile, na katika ugomvi na upatanisho wa njiani, ulikua utani wa makabila. Na mpaka leo Mnyamwezi akikutana na Mzaramo msibani, mmoja aweza kumwita mwenzake nyani, na hakuna akasirikaye. Hata washabiki wa Simba na wa Yanga twawaita watani wa jadi, nao huitana majina ya wanyama mwaka mzima.

Kwa nini utani hauumizi? Kwa sababu una sheria zake, ingawa hazikuandikwa. Mtani aliyeitwa nyani ana haki ile ile ya kujibu. Tena wote wawili wajua kwamba ni utani, na anayesikiliza pia ajua. Na lililo kubwa ni hili: mtani ana wajibu. Yeye aliyekutania ndiye atakayekuja ukifiwa, ataosha vyombo, atachimba kaburi, atawachekesha waliolia mpaka wale chakula. Amekuita mnyama kwa mdomo, lakini kwa mikono yake amekuhesabu kuwa ndugu.

Sasa tulipime lile neno la mvulana kwa sheria hizo. Binti yule hakuwa na jibu la kurudisha, maana ni neno gani angelisema lenye uzito sawa? Halikuwa mchezo kwake. Wala aliyelisema hakujifunga kwa wajibu wowote. Kwa hiyo halikuwa utani. Kiswahili chetu kina usemi wa kumpaka mtu matope, nao hauhitaji matope yoyote. Mvulana aliyekuwa na rangi usoni alimpaka mwenzake asiyekuwa na rangi, na ile yake ndiyo iliyobaki usiku ule.

Tusidhani kwamba twakuza neno la mtoto. Tunaishi katika nchi ya magharibi, na twajua yaliyotokea. Hasa tangu miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika Kanda ya Ziwa na katika mikoa yetu hii, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwezi wa Januari mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku shughuli za waganga wa jadi kwa ajili ya mauaji hayo. Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 13 Juni kuwa siku ya kuwakumbuka, nayo iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Ni siku tatu tu kabla ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kupanga rangi na wali, na tarehe 13 ilipita bila hata sala moja kanisani.

Panga halikuja kwanza. Kwanza lilikuja neno. Kabla mtu hajamkata mwenzake, alikuwa amefundishwa kwa miaka mingi kwamba huyo si mtu kama wengine. Kwamba hafi bali hutoweka. Kwamba ni mzimu. Wengine waliwaita "dili", yaani biashara. Hali kadhalika wako bibi wazee waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, wakasingiziwa kwamba hupanda fisi usiku. Kumbe macho yale yaliiva kwa moshi wa jikoni, miaka hamsini ya kuwapikia watoto na wajukuu. Bibi aliyetajwa pamoja na fisi kwa muda mrefu, siku moja huja mtu asiyeona tena bibi.

Mtume Yakobo katika waraka wake aliliona jambo hili waziwazi. Asema kwamba kila namna ya wanyama imefugwa na wanadamu, lakini ulimi hakuna awezaye kuufuga. Na kwamba kwa ulimi huo huo twamhimidi Mungu na kuwalaani watu waliofanywa kwa mfano wake. Tazameni alipoiweka habari ya mfano wa Mungu: hakuitaja kwa ajili ya wanaojipaka, bali kwa ajili ya wanaonena. Wazee wetu nao walisema, heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi.

Labda mmoja wenu atatuuliza: Je, Bwana Yesu hakumwita Herode mbweha? Ndiyo, alimwita. Lakini Herode alikuwa mtawala mwenye askari na gereza, aliyekuwa amekwisha kumkata kichwa Yohana Mbatizaji. Neno lile lilipanda kutoka kwa asiye na upanga kumwendea mwenye upanga. Tena hakusema kwamba Herode si mtu. Alisema jinsi Herode atendavyo. Na habari ya yule mama Mkanaani, aliyeambiwa juu ya chakula cha watoto na mbwa? Hiyo ni habari ngumu, na hatutaki kuilainisha. Twaona tu kwamba mama yule alijibu, na jibu lake lilisikilizwa, na akarudi nyumbani amepewa alilolitaka pamoja na sifa ya imani kubwa. Ole wetu sisi tukichukua ugumu wa mwanzo wa habari ile, na kuuacha mwisho wake.

Sasa twarudi kwa mvulana wetu. Jumapili iliyofuata mama yake alikuja naye. Tulimwuliza, si kwa ukali, alilipata wapi neno lile. Alishangaa kuulizwa. Akasema, "Si ndivyo mnavyosema?" Na kweli, ndivyo tunavyosema. Twasema barazani, twasema njiani, twasema jikoni watoto wakiwa miguuni petu. Hata sisi tuandikao haya tuna majina tuliyowapa watu ambayo tungeona haya kuyachapa hapa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mvulana yule hakuleta neno jipya kwenye karamu, alileta alichokipokea kwetu.

Kwa hiyo, swali la mzee, "Litatoka kwa nini?" twalijibu hivi, nasi twajibu kwa unyonge. Haliondolewi kwa kunyamaza, maana neno likinyamaziwa huota mizizi. Haliondolewi kwa zawadi ya siri, wala kwa kumwambia aliyeumizwa asahau. Lililonenwa mbele ya watu hutubiwa mbele ya watu. Mvulana alisimama mbele ya Shule ya Jumapili, akaomba radhi. Kisha tukasimama sisi walimu, tukaomba radhi kwa kuwa hatukulizuia pale pale, na wale waliocheka nao waliombwa wafanye vivyo hivyo. Mmoja alifanya. Na baada ya maneno, matendo: mvulana yule sasa hupita nyumbani kwa bibi ya binti kila Jumapili, wakaja kanisani pamoja.

Je, limetoka? Hatuthubutu kusema hivyo. Binti alikaa majuma matatu bila kuja. Sasa anakuja, nasi twamshukuru Mungu. Lakini rangi ilitoka kwa ndoo mbili za maji, na hili bado tunaliosha.

Kuhusu rangi yenyewe, baada ya kukaa pamoja, mzee wetu akiwapo, tumekubaliana hivi kwa karamu zijazo:

Mtoto asipakwe asiyetaka, wala asichekwe kwa kukataa. Mnyama achaguliwe na mtoto mwenyewe, si na mpakaji.

Rangi iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Rangi ya ukutani, ya mbao au ya mabati isitumike kamwe, maana nyingine zina sumu. Isipakwe karibu na macho wala juu ya kidonda. Kila mtoto awe na kitambaa chake na maji yake safi, kwa kuwa ugonjwa wa trakoma huenezwa kwa kushirikiana vitambaa vya usoni. Na mtoto mwenye ualbino asiachwe juani kwa kungojea rangi; meza ikae kivulini, naye abaki na kofia yake.

Asipakwe mtu kwa namna ya kumdhihaki mwingine, awe wa kabila, wa dini, au mwenye ulemavu.

Na neno la mwisho lilitoka kwa mzee mwenyewe, ambaye bado hapendi kumwona mtoto na uso wa simba, wala hatumwombi apende. Alisema: "Anayepaka ndiye aoshe." Yaani mpakaji asiende zake jioni na kumwachia mama kazi. Yeye aliyeuweka uso wa mnyama juu ya mtoto achukue maji na sabuni, auondoe kwa mkono wake mwenyewe, mpaka aone tena uso wa yule mtoto aliyemjia asubuhi.

Tulilipokea kuwa sheria ya karamu. Lakini kila mmoja wetu alirudi nyumbani akilifikiri kwa habari ya ulimi wake. Je, wewe msomaji, ni nani uliyempaka kwa neno, mwaka huu au miaka ishirini iliyopita, ukaenda zako? Pengine anaishi nyumba ya tatu kutoka kwako. Maji bado yapo.

Bwana atupe neema ya kutambuana.

Ni sisi ndugu zenu, walimu wa Shule ya Jumapili.